Kijana na Rika Lake: Mwenzi Mmoja Atosha

Wazazi wengi hulalamika ya kuwa mtoto wao alikuwa mpole na msikivu mpaka alipoingia shule ya sekondari, kisha akabadilika. Hunyoa kama wenzake wanyoavyo, husema kama wenzake wasemavyo, na siku moja mwalimu mkuu huwaita wazazi kuwaarifu kwamba mtoto amekutwa na bangi, au ameshiriki katika mgomo. Baba huuliza, "Ni nani aliyekufundisha mambo haya?" Mtoto hujibu, "Sote tulikuwa tukifanya, baba."

Jibu hilo humkasirisha mzazi, lakini lina ukweli ndani yake. Yafaa tuujue ukweli huo, maana asiyejua nguvu imvutayo mwanawe hawezi kumsaidia kuishinda.

NGUVU YA WENGI

Mwaka wa 1951 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alitangaza habari za jaribio alilowafanyia wanafunzi wa vyuo. Aliwaketisha watu wachache pamoja, akawaonyesha mstari mmoja uliochorwa katika kadi. Kisha akawaonyesha kadi nyingine yenye mistari mitatu, wataje ni upi ulio sawa kwa urefu na ule wa kwanza. Kazi hiyo ni rahisi, hata mtoto mdogo aiweza. Lakini katika kundi alikuwamo mtu mmoja tu asiyejua siri. Wengine wote walikuwa wamepatana na Asch wataje mstari usio sawa, na yule mmoja alijibu karibu na mwisho, baada ya kuwasikia.

Ikawaje? Karibu theluthi ya majibu ya watu hao ilifuata uongo wa wenzao, na watu watatu katika kila wanne walishindwa walau mara moja. Hawakutishwa na mtu wala hawakuhongwa. Macho yao yaliona vema, ila waliona uzito kuwa peke yao. Wahenga walisema, "Wengi wape," na watu hao waliwapa wengi hata kile walichokiona kwa macho yao wenyewe.

Kisha Asch akabadili jambo moja. Akamtia katika kundi mtu mmoja tu wa kusema kweli. Mara makosa yakapungua, yakawa kama robo ya yale ya kwanza. Wasema uongo walikuwa bado wengi, lakini mwenzi mmoja alitosha kumpa mtu moyo wa kusimama. Msomaji na alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

KWA NINI VIJANA HUVUTWA ZAIDI

Ikiwa watu wa vyuo huvutwa hivyo, kijana wa miaka 14 itakuwaje? Mwaka wa 2005 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Temple katika mji wa Philadelphia, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha motokaa katika kompyuta. Taa ya njano ilipowaka, mchezaji alipaswa kuamua kusimama au kuendelea na kujihatarisha. Watoto wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi sana walipokuwa pamoja na wenzao kuliko walipocheza peke yao. Watu wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika, wakiwa na wenzao au bila wenzao.

Sababu yake ni kwamba sehemu za ubongo zipendazo raha na sifa huamka mapema, na sehemu ya kuzuia na kupima mambo huchelewa kukomaa, hata baada ya miaka 20. Basi mzazi asemaye, "Mwanangu ana akili, hawezi kufanya upuuzi huo," amesema nusu ya kweli. Mtoto ana akili awapo peke yake. Jambo la kuuliza ni kama atakuwa nayo wenzake wakimtazama.

Katika nchi yetu ya Kenya tumeyaona matunda machungu ya jambo hili. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001, moto uliowashwa makusudi katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 zilipatwa na moto, na wanafunzi wengi walipelekwa mahakamani. Mambo ya namna hiyo yana sababu nyingi, na si haki kuyaweka yote juu ya vijana. Lakini aghalabu wapangaji huwa wachache, na wajuao wakanyamaza huwa wengi, kwa kuogopa kuitwa wasaliti.

RIKA SI ADUI

Tusidhani ya kuwa dawa ni kumkataza kijana asiwe na marafiki. Wazee wetu walilijua rika, wakalitumia kwa faida. Kwa Wamasai, kila rika la vijana huwa na wazee wake wa kulisimamia, wale wa kijiti cha kupekechea moto, ambao huwashauri vijana na kuwakemea wakikosa. Rika lilikuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo ilikuwa na msimamizi.

Siku hizi rika limebaki na wazee wake hawapo. Baba yuko kazini mjini, mama yuko shambani, mtoto yuko katika bweni, na akiwa nyumbani wenzake humfuata katika simu hata usiku. Basi kazi ya kwanza ya mzazi ni kurudi katika nafasi ya wale wazee. Awajue marafiki wa mwanawe kwa majina, awakaribishe chai, ajue na wazazi wao. Vyama vyema navyo husaidia. Vyama vya 4-K vilivyoanzishwa mwaka wa 1962, na kufufuliwa mwaka wa 2021, huwafundisha watoto kulima na kufuga pamoja. Huko nako kuna kuvutana, lakini kijana huvutwa kwenye jembe.

MZAZI AFANYE NINI

Kwanza, amtafutie mwanawe mwenzi mmoja. Usimwambie tu, "Simama peke yako." Hilo ni gumu hata kwa watu wazima. Mwulize, "Katika darasa lako, ni nani asiyependa mambo hayo kama wewe?" Karibu kila mara yuko mmoja, naye hunyamaza akidhani yu peke yake. Wakipatana wawili, watakwenda pamoja na kurudi pamoja.

Pili, amfundishe maneno ya kukataa, tena mafupi. Kijana huambiwa, "Vuta, bwana, au wewe ni mtoto wa mama?" Akianza kueleza sababu nyingi, wenzake watazijibu moja moja mpaka zimwishie. Heri aseme, "Mimi sivuti. Twendeni uwanjani," kisha aondoke. Maneno hayo na yajaribiwe nyumbani, mjomba au kaka akijifanya yule mshawishi, maana ulimi usiozoea hukwama siku ya haja.

Tatu, mzazi akubali kulaumiwa. Kijana aseme, "Baba yangu ni mkali, hunikagua kila nirudipo," na baba asione vibaya. Tena wapatane maneno ya siri. Mtoto akipiga simu na kuuliza, "Je, yule ndama amepona?" mzazi ajue kuna hatari, naye ajibu, "Hapana, njoo nyumbani sasa hivi." Usiku huo asimgombeze. Kesho watazungumza.

Nne, na hili ndilo gumu kwa wengi wetu, mtoto apewe ruhusa ya kutoa maoni yake nyumbani kwa heshima. Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, katika uchunguzi waliotangaza mwaka wa 2012, waliwasikiliza watoto wa miaka 13 wakibishana na mama zao. Wale waliotetea maoni yao kwa sababu njema, bila kelele na bila kusalimu amri upesi, ndio ambao baadaye hawakuvutwa sana na wenzao katika ulevi na madawa.

Wako watakaosema ya kuwa huko ni kumharibu mtoto. Sivyo. Adabu ni kusema kwa upole na kukubali uamuzi wa mkubwa baada ya kusikilizwa. Lakini mtoto aliyezoezwa kuitika "ndiyo" kwa kila sauti yenye nguvu, ataitika "ndiyo" hata sauti hiyo ikiwa ya kundi la wahuni. Atajifunza wapi kukataa, ikiwa hakuna aliyepata kumsikiliza akikataa?

NENO KWA VIJANA

Nanyi vijana mnaosoma habari hii, jueni ya kuwa wengi wa wale wanaocheka pamoja na kundi wana hofu kama ninyi. Nguvu ya kukataa hukua mwaka hata mwaka, tangu miaka 14 hata 18, nayo huongezeka kwa kutumiwa. Mkikabiliwa na jambo kubwa na hamna wa kumwambia, mwambieni mwalimu mnayemwamini, au pigeni simu nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haina malipo. Na mkimwona mwenzenu mmoja amekataa ubaya mbele ya kundi, msimwache peke yake. Semeni tu, "Hata mimi sitaki."