Je, Wajua? Nyumba ya Tembe Haihitaji Feni

Nyumba ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambamo wasafiri Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti iliyofunikwa udongo, na baraza mbele. Wala haikuwa nyumba ya fukara. Matajiri wa misafara ya pembe za ndovu walijenga hivyo hivyo.

Udongo mnene hupokea joto polepole. Jua la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, huuchoma ukuta kwa nje, lakini joto huchukua saa nyingi kupenya. Likifika ndani, jua limeshazama na hewa imepoa, maana Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari.

Paa la bati halisubiri. Saa nne asubuhi limeshawaka, na feni inakula umeme kwa kuzungusha hewa ya moto tu.

Usibomoe nyumba yako ya bati. Weka dari, acha matundu ya hewa juu ukutani, fungua madirisha usiku na uyafunge mchana. Kisha panda mwembe upande wa magharibi, linakopigia jua la alasiri. Miche ipandwe mvua za Novemba zikianza.