Vitabu vya tafakari ya kila siku barani Afrika

Kitabu cha tafakari ya kila siku ni kitabu au kijitabu kinachomwekea msomaji Mkristo kifungu kifupi cha Biblia, maelezo yake na sala kwa kila siku. Kwa kawaida kila siku ina ukurasa wake wenye tarehe juu, nao husomwa kwa dakika chache tu, ama alfajiri kabla ya kazi, ama jioni familia ikiwa pamoja. Vingine hutolewa kwa mwaka mzima, vingine kwa mwezi au robo mwaka. Barani Afrika vimeenea katika madhehebu karibu yote, na nyuma yake wapo wahariri, wafasiri, wachapaji na wasambazaji ambao msomaji hawafahamu.

Tarehe ile ndogo iliyo juu ya ukurasa ndiyo inayoitofautisha kazi hii na uchapishaji mwingine. Kitabu cha sarufi kikichelewa miezi mitatu bado ni kitabu cha sarufi. Kitabu cha tafakari cha mwaka mpya kikifika mwanzoni mwa Aprili kimekwisha kupoteza robo yake, na mnunuzi anajua hivyo.

Asili

Desturi ya kuchapa neno la siku inahusishwa hasa na jumuiya ya Wamoravian ya Herrnhut, Ujerumani. Tarehe 3 Mei 1728 kiongozi wao, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwapa wenzake neno fupi la kushika siku iliyofuata. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Mpaka leo mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha mtu hutafuta mstari wa Agano Jipya unaopatana nao. Kura hupigwa karibu miaka 3 kabla, ili wafasiri wa lugha mbalimbali wapate nafasi ya kufanya kazi yao. Lugha hizo sasa ni zaidi ya 50, Kiswahili kikiwa mojawapo. Wamoravian wenyewe walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891.

Huko Uingereza, shirika lililokuja kuitwa Scripture Union lilianza mwaka 1867 kama huduma kwa watoto, na mwaka 1879 likatoa kadi zenye ratiba ya kusoma Biblia kila siku. Tawi lake la Nigeria leo huchapisha Daily Guide kwa watu wazima na Daily Power kwa vijana. Kutoka Marekani vilikuja The Upper Room (1935) na Our Daily Bread (1956). Waadventista Wasabato walianza kalenda yao ya asubuhi mwaka 1908, na kwa Kiswahili kitabu chao kinajulikana kwa jina zuri la Kesha la Asubuhi.

Kwa Wakatoliki mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu masomo ya kila siku yamekwisha kupangwa na liturujia: masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka 3, na somo la kwanza la siku za kawaida za juma kwa miaka 2. Mchapishaji hachagui kifungu, bali huongeza tafakari juu ya kile kilichopangwa. Miongoni mwa wanaochapisha vitabu vya dini katika Afrika Mashariki ni masista wa Shirika la Mabinti wa Mtakatifu Paulo, ambao nyumba yao ya uchapishaji iko Nairobi.

Vitabu vilivyoanzia Afrika

Historia ikisimuliwa hivyo, mtu anaweza kudhani kwamba Afrika imekuwa ikipokea tu. Sivyo.

Andrew Murray alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mwaka 1828, akawa mchungaji wa kanisa la Wareformati wenye asili ya Uholanzi. Kitabu chake kuhusu kukaa ndani ya Kristo alikiandika kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1864, na toleo la Kiingereza, Abide in Christ, likatoka mwaka 1882. Kina sura 31, moja kwa kila siku ya mwezi. Mpango huohuo wa sehemu 31 aliutumia katika kitabu chake cha mafundisho ya sala cha mwaka 1885. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemzuia kuhubiri kwa muda mrefu, na kalamu ikafanya kazi ambayo sauti haikuweza. Alifariki mwaka 1917 katika mji wa Wellington, na vitabu vyake bado vinachapwa.

Mwaka huohuo, huko Misri, alifariki Oswald Chambers, Mskoti aliyekuwa akiwahudumia askari katika kambi ya Zeitoun karibu na Kairo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mke wake, Gertrude, aliyeitwa Biddy, alikuwa hodari wa hati mkato na alikuwa ameandika karibu kila somo mumewe alilofundisha. Baada ya kufiwa alianza kuchapa masomo hayo, na mwaka 1927 akatoa kurasa 366 alizozichagua na kuzipanga mwenyewe kwa jina My Utmost for His Highest. Jalada lina jina la mume peke yake. Kwa hakika ni kazi ya mhariri, na ni haki kumtaja.

Uchapaji wa Kikristo kwa Kiswahili una mizizi Zanzibar, ambako misheni ya Waanglikana chini ya Edward Steere iliwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kupanga herufi na kupiga chapa. Huko Gendia, karibu na Kendu Bay nchini Kenya, Wasabato waliweka mtambo mdogo mwaka 1913, na mahali hapo pamebaki kituo cha uchapishaji wao.

Ofisini kwa mhariri

Mhariri wa vitabu hivi huishi mbele ya kalenda. Tafakari ya Krismasi huhaririwa wakati wa Kwaresima, na ya Kwaresima huhaririwa wakati watu wengine wanavuna. Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana anaandikia siku asiyoijua. Ukurasa mmoja utafunguliwa na mtu aliyepata kazi jana na mwingine aliyefiwa usiku uleule. Sentensi inayoahidi kwamba shida ya msomaji itakwisha leo hii itasomwa pia wodini, na jamaa wa mgonjwa huikumbuka jioni. Wahariri waangalifu huzikata ahadi za namna hiyo. Wapo wahubiri na wachapishaji wanaozipenda, wakiona kwamba imani hujengwa kwa kutamka mema, na mabishano haya yamo ndani ya makanisa mengi ya Afrika, si kati ya makanisa tu.

Tofauti hiyo huonekana pia katika uandishi. Baadhi ya vitabu vinavyosomwa sana hubeba sauti ya mhubiri mmoja, kama Open Heavens cha Enoch Adeboye wa Nigeria, aliyekuwa mhadhiri wa hisabati kabla ya kuliongoza Kanisa la Redeemed. Vingine huandikwa na watu wengi, na hapo mhariri hupokea maandiko ya mchungaji, mwalimu, muuguzi na mama wa nyumbani, kila mmoja na mwendo wake. Wote wanapaswa kuingia katika ukurasa mmoja, na hadithi nzuri hupoteza nusu yake. Kufupisha bila kuua ni kazi kubwa kuliko kuandika.

Kisha kuna hesabu. Mwaka mrefu unahitaji ukurasa wa 29 Februari. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa hiyo kitabu cha mwaka maalumu lazima kiifuate, lakini kitabu cha kutumiwa miaka yote, kama kile cha Chambers, hakiwezi. Namba za Zaburi nazo ni mtego: tafsiri zilizofuata hesabu ya Kilatini huziita nyingi kwa namba pungufu ya moja, hata Zaburi ya mchungaji ikawa ya 22 badala ya 23. Msomaji wa prufu asiyefungua Biblia kwa kila rejeo atampeleka msomaji mahali pasipohusika kabisa.

Lugha

Vijitabu vilivyofasiriwa kutoka ng'ambo huja na theluji, mashine za kukata nyasi na majani yanayopukutika mwezi wa Oktoba. Mfasiri ana njia mbili: aeleze, au aombe ruhusa ya kubadili mfano. Kueleza hula nafasi, na nafasi haipo. Ndiyo maana nyumba nyingi zimeona ni heri kutafuta waandishi wa hapa, wanaojua masika, foleni ya maji, ada ya shule na mgeni anayefika bila taarifa. Mifano hiyo haihitaji tanbihi.

Hata neno moja hutaka uamuzi. Katika sala ya Bwana, Wakatoliki husema mkate, lakini Biblia ya Union Version ya 1952 ina riziki. Kitabu kinachokusudiwa madhehebu yote kitachagua lipi? Vivyo hivyo kwa usharika na parokia. Isitoshe, toleo moja la Kiswahili hutarajiwa kueleweka Mombasa, Mbeya na Bukavu, na mwalimu yeyote wa lugha anajua kwamba hilo si jambo dogo. Wachapishaji wengi hukimbilia Kiswahili sanifu chenye sentensi fupi, na huo ni uamuzi mzuri, ingawa ladha ya pwani na ya bara hupungua.

Bei na safari ya kitabu

Nyumba nyingi za aina hii huitwa huduma, lakini mwenye karatasi hapokei sala. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950 uliwezesha vitabu kuvuka mipaka bila ushuru, ilhali karatasi na wino katika nchi nyingi viliendelea kutozwa. Matokeo yake, kuchapa India au China na kusubiri meli mara nyingi huwa nafuu kuliko kuchapa nyumbani. Meli ikichelewa, ile tarehe iliyo juu ya ukurasa huanza kudai.

Kutoka ghalani vitabu husafirishwa kwa mabasi hadi kwa mawakala: maduka ya dini, wachungaji, makatekista, vikundi vya akina mama. Wengi huchukua kwa mali kauli, yaani hulipa wakishauza. Daftari likirudi salama mradi husonga mbele. Visipouzwa hadi Februari, hakuna anayevitaka tena, na mchapishaji hubeba hasara yote. Vijitabu vya bure kutoka ng'ambo husaidia wasio na fedha, lakini huwaumiza wachapishaji wa hapa, kwani mtu aliyezoea kupewa huona bei yoyote kuwa kubwa.

Simu imeondoa sehemu ya mzigo huu. Programu ya Biblia ya YouVersion ilianza mwaka 2008 na ina mipango ya kusoma ya kila siku, na makundi ya WhatsApp hupokea tafakari kabla ya jogoo kuwika. Humo hakuna meli wala basi, na kosa la rejeo hurekebishwa asubuhi ileile. Lakini bando huisha, na mapato ya mhariri hayaonekani wazi. Kwa hiyo nyumba kadhaa hutoa toleo la simu na la karatasi pamoja. La karatasi lina wateja wake waaminifu, wazee hasa, na ombi lao kubwa kwa mchapishaji ni kwamba herufi ziongezwe ukubwa.