Mbegu za mfalme na sifuri za uongo

Wengi wetu tunajua hadithi ya sataranji, ule mchezo wa kibao cha vyumba 64. Ni ya zamani sana, Ibn Khallikan aliiandika tangu karne ya 13. Mfalme anamuuliza mwenye kubuni mchezo anataka zawadi gani. Yeye anaomba mbegu tu: 1 katika chumba cha kwanza, 2 katika cha pili, 4 katika cha tatu, kila mara kuongeza mara mbili mpaka chumba cha mwisho.

Nilifanya ile jumla ku ordinatere, katika programu ya kupiga tableau. Ikaniletea 18.446.744.073.709.600.000. Nikamwambia mdogo wangu: ona, inaishia na sifuri, basi inagawanyika kwa 2. Yeye angali ku sekondari. Akacheka: "Yaya, haiwezekani. Chumba cha kwanza kina 1, vingine vyote vinagawanyika kwa 2. Lazima moja ibaki bila mwenzake."

Licence yangu yote, na mtoto ananipiga! Kumbe programu ile inashika tarakimu 15 tu. Zinazobaki inajaza sifuri. Namba ya kweli ni 18.446.744.073.709.551.615, yaani 2 iliyozidishwa mara 64, kutoa 1.

Tuipime kama watu wa agronomi. Tuseme mbegu 1.000 za mpunga zina gramu 25. Nusu ya kwanza ya kibao, vyumba 32, inatoa tani 107 hivi. Ile shirika la wakulima linaweza kuipata. Lakini kibao kizima kinafika tani bilioni 461. Dunia nzima inavuna karibu tani milioni 800 za mpunga kwa mwaka: hapo mfalme atalipa kwa miaka zaidi ya 500.

Sasa tuivunje. Inaishia na 5, basi 5 imo. Jumlisha tarakimu zake zote, utapata 87, basi 3 imo pia. Lakini kuna njia nzuri zaidi. Namba iliyozidishwa kwa yenyewe, ukitoa 1, daima inavunjika mara mbili: 8 × 8 − 1 ni 7 × 9. Kwa njia hiyo, ukishuka pole pole, namba yetu inakuwa 3 × 5 × 17 × 257 × 65.537 × 4.294.967.297.

Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba zote za namna hii ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zile tano za kwanza, ni kweli. Ya sita ilimshinda: mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 4.294.967.297 ni 641 × 6.700.417.

Kwa hiyo vipande vya mwisho ni 7, vyote tasa. Mwenye muda avizidishe kwa mkono.