Maji ya kusafishia pompi tusiyamwage mtoni

Wandugu wanamemba wa koperative,

Kisha kupompa nyanya ao shu, wengi wetu tunashuka mtoni kusafisha pompi. Maji yale yanaonekana safi, lakini iko mabaki ya dawa ndani yake. Pale chini, mama anachota maji ya kupika na watoto wanaoga.

Iko njia ya kuondoa sumu hiyo bila mashine. Wakulima wa Uswidi, kule Ulaya, walianza kuitumia mwaka 1993: shimo lenye majani na udongo, ambamo vijidudu vinakula dawa.

Inafanya kazi namna gani? Mliisha kuona ukungu mweupe unaoozesha kuni. Ukungu ule unatoa maji-maji yenye nguvu ya kukatakata mti mgumu. Maji-maji hayo yanakatakata pia dawa nyingi za wadudu na za majani mabaya. Mtoni, maji yanabeba dawa mbali upesi. Ndani ya shimo, majani na mbolea vinaishika, na vijidudu vinapata wakati wa kuimaliza.

Tufanye hivi:

1. Tuchimbe shimo la sentimeta 70 kwenda chini, mbali na kisima, mto na nyumba.

2. Chini tuweke udongo wa mfinyanzi, sentimeta 10, tuukanyage vizuri ili maji yasipite.

3. Tuchanganye ndoo 2 za majani makavu ya mpunga ao ya mahindi yaliyokatwakatwa, ndoo 1 ya udongo wa juu wa shamba, na ndoo 1 ya mbolea ya kuozesha. Tujaze shimo kwa mchanganyiko huo.

4. Juu tupande nyasi, tena tujenge paa. Mvua ikijaza shimo, sumu itatoka pamoja na maji.

Majani yakioza, mchanganyiko unashuka. Kila mwaka tuongeze mwingine. Watoto na mbuzi wasifike pale.

Lakini tusidanganyane, shimo haliwezi yote. Dawa yenyewe, isiyochanganywa na maji, tusiimwage mule: itaua vijidudu vinavyotufanyia kazi. Na dawa zenye shaba haziishe, juu shaba ni chuma, haiozi. Inabaki mule na kuongezeka.

Kwa hiyo kazi inaanzia shambani. Tupime dawa inayotosha tu. Chupa ikiisha, tuisuuze mara tatu na maji yale tuyatie ndani ya pompi. Pompi nayo tuisuuze palepale, maji tuyapompe juu ya mimea ileile. Yale kidogo ya kusafisha mwisho ndiyo yaende shimoni.

Katika mkutano unaokuja, tuchague pamoja mahali pa kuchimba shimo la koperative. Wale wanaokaa chini ya mto wanakunywa kile tunachomwaga.