Mtoto wa Bodo na Kitabu cha Theluji

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilinijia juzi nilipokuwa Bodo, kusini ya Msambweni, pale ambapo nchi ya Kwale huishia katika msitu wa mikoko na wasafiri huteremka kupanda mashua kwenda Funzi.

Nilikuwa nimeketi barazani na mzee mmoja mvuvi, tukingoja maji yajae. Akatokea mjukuu wake, mtoto wa miaka minane hivi, mkononi ana kitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri za rangi, kilichoachwa na mgeni aliyepita. Kitabu kilieleza misimu minne ya mwaka: maua kuchanua, jua kali, majani kupukutika, na mwisho theluji kufunika mapaa ya nyumba. Mtoto akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Babu, hii theluji huanguka wakati wa kaskazi au wakati wa kusi?"

Mzee alicheka hata kofia ikamwanguka. Mimi sikucheka. Swali lile lilikuwa la mwanachuoni. Mtoto alikuwa amekutana na jambo geni, naye akataka kulipima kwa kipimo anachokijua. Na hiyo, ndugu msomaji, ndiyo sayansi yenyewe. Kitabu nacho hakikuwa na kosa, kwani mtoto wa London ana haki ya kuelezwa theluji yake. La kusikitisha ni kuwa katika nyumba ile hapakuwa na kitabu cha pili, cha kumweleza mtoto wetu kaskazi ni nini, na kusi hutoka wapi.

Na je, Bodo pana uhaba wa mambo ya kuandikwa? Maji yakipwa tu, somo liko wazi. Mtazame mchu, ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli zilizosimamishwa. Mizizi hiyo huvuta pumzi, kwa sababu tope la pwani halina hewa ya kutosha. Lamba jani lake, utaonja chumvi, maana mti ule huitoa chumvi kwa njia ya majani. Mtazame na mkoko wenyewe, ambao mbegu yake huota ingali juu mtini, ikarefuka kama kijiti, ndipo ikaanguka. Wazee wa huku hawasemi "mikoko" wakanyamaza. Watakutajia mkoko, mchu, mkandaa, mui, mlilana, mkomafi, na kila mmoja watakwambia kazi yake: huu wa boriti, huu wa kuni, huu wa mataruma ya mashua. Ni watoto wangapi leo wanaoweza kuyataja hata matatu katika majina hayo?

Au chukua mwezi. Mtoto wa chuoni anajua leo ni mwezi ngapi, maana anahesabu kwa ajili ya Ramadhani na Maulidi. Basi mkononi mwake anao ufunguo wa bahari. Mwezi unapoandama na unapopevuka, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, likaja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa pande mbalimbali, na hapo ndipo penye maji mafu. Maarifa haya mvuvi hahitaji kufundishwa. Lakini sababu yake, yaani kule kuvuta, hakuna aliyemwandikia mtoto wake kwa maneno ya nyumbani.

Sitaki nidhaniwe nasema kuwa wazee wanajua yote na vitabu havina kazi. Mzee wangu yule yule aliniambia kuwa pomboo ni samaki mwenye akili. Pomboo si samaki. Hupumua kwa mapafu kama mimi nawe, huzaa, na hunyonyesha mtoto wake. Mzee amewaona maelfu katika bahari ya Kisite na Wasini, na kitabu kidogo cha kurasa 16 kingaliweza kumwongezea jambo moja asilolijua. Naye angaliweza kukiongezea kitabu hicho mambo kumi. Baraza na kitabu vinahitajiana, na mpaka sasa havijakutana.

Sisi tuliosomea chuoni tulianza na alifu, be, te, tukafika kwenye juzuu na tukasoma kwa sauti nzuri bila ya kujua maana. Hilo lilikuwa na hekima yake, kwani ile ni ibada, na mwalimu alituahidi kuwa maana itakuja kwa wakati wake. Lakini elimu ya viumbe haisomwi hivyo. Mtoto akikariri jina la mti asioujua kwa lugha asiyoielewa, hapati thawabu wala maarifa.

Tusijifanye kuwa jambo hili ni jipya. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kuwa watoto wa Kenya wafundishwe madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha inayosemwa pale wanapoishi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 umeweka somo la mazingira kwa wadogo hao. Jirani zetu wa Tanzania wamefundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na mwaka 1990 TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa hivyo, anayesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi hajatafuta. Kinachopungua ni vile vitabu vidogo vya kusomwa kwa raha, nje ya darasa, mtoto akiwa mapajani mwa bibi yake.

Na faida yake si ya mapambo. Si mbali na Bodo, watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi wao wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 umekuwa ukiuza kwa walimwengu ile hewa ya ukaa inayozuiwa na miti hiyo. Fedha zake zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Wazazi wamekwisha kuona kuwa msitu ni mali. Watakaoulinda baada yao ni hawa wa miaka minane, na mtu hakilindi asichokijua jina. Nguva amekuwa nadra mno katika bahari ya Kenya, na watoto wengi wanamjua kwa hadithi za kutisha tu. Ngoja kidogo, na mkomafi nao utakuwa hadithi.

Basi wachapaji wetu na watukusudie. Mwalimu mmoja, mvuvi mmoja, mchoraji mmoja, na kurasa 16, vinatosha kuanza. Nami, ili nisiwe msemaji tu, nilimtungia mtoto yule ubeti huu pale pale barazani:

Mkoko mti wa pwani, huzaa kama mzazi,
Mbegu haishuki chini, ila imeota wazi,
Hujichoma matopeni, ikatoa na mizizi,
Kamba wadogo shinani, hupata humo malezi.

Aliushika kwa kuusikia mara mbili. Kisha akanikumbusha kuwa swali lake halijajibiwa.

Nikamwambia: "Huanguka wakati wa kaskazi, mjukuu wangu." Na ndivyo ilivyo. Katika miezi ile ya Disemba hadi Februari, upande wa kaskazini wa dunia huwa umelipa jua kisogo. Ulaya huangukiwa na theluji, bara la Asia hupoa, na hewa yake nzito huteremka kuja kwetu kwenye joto. Upepo huo ndio uliowaleta mababu na majahazi yao. Theluji ya kitabuni na kaskazi ya Bodo ni watoto wa mama mmoja.

Mzee aliacha kucheka. Akaokota kofia yake, akasema: "Hilo nami sikulijua. Liandike."