Mguu wa Nyuma wa Mondo

Wajukuu zangu, mondo mnamjua? Ni paka wa mwituni mwenye madoa meusi, masikio makubwa na miguu mirefu ajabu. Kule Ngorongoro hunyata majanini akimsikiliza panya. Ndege akishtuka na kuruka, mondo naye huruka, zaidi ya mita 2 kwenda juu!

Watu husifu misuli yake. Mimi nawaambia, msuli usiopata amri ni nyama tu. Amri hupitia mishipa ya fahamu.

Mtazameni mguu wa nyuma. Hicho kifundo kilichochomoza kwa nyuma, mnachodhani ni goti, ni kisigino. Mondo hutembea kwa vidole. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.

Sasa twende ndani. Kutoka kwenye ugwe wa mgongo, kule kiunoni, hutoka mishipa ya fahamu ya mguu. Mmoja huingia mbele ya paja na kuamuru msuli unaonyoosha goti. Mwingine, mnene kuliko yote, hupita nyuma ya nyonga, hushuka na paja, kisha hugawanyika kama njia panda. Tawi la kwanza huenda kwenye shavu la mguu: hapo msuli huvuta kano ya kisigino, vidole vikasukuma ardhi, na mondo huyoo hewani! Tawi la pili huzunguka kando ya goti hadi mbele ya muundi, nalo huamuru msuli wa hapo uinue wayo usikwaruze chini.

Lakini misuli hii miwili, wa shavu na wa muundi, ikivuta kwa pamoja si mguu utakakamaa? Ndiyo maana ugwe wa mgongo ukiuamuru mmoja, humnyamazisha mwenzake. Charles Sherrington wa Uingereza alilichunguza jambo hili kwa paka wa kufugwa, ndugu wa mondo, na mwaka 1932 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu mishipa ya fahamu.

Mishipa hiyohiyo hupeleka habari juu pia. Daktari wa wanyama akitaka kuipima, humsimamisha paka na kuukunja wayo wake wa nyuma, mgongo wa wayo uguse chini. Paka mzima huugeuza papo hapo, hata bila kuutazama. Aliyeumia mishipa hiyo huweza kuuacha vilevile, umekunjika, asijue.