Programu mpya ya kipokezi cha setilaiti isiingie shambani bila kukaguliwa

KIPOKEZI cha setilaiti kinachopima kwa sentimita kina programu yake ya ndani, na programu hiyo, kama ile ya simu ya mkononi, hutolewa matoleo mapya kila baada ya muda. Kuweka toleo jipya ni kazi ya dakika chache. Ikifanywa vibaya, inaweza kumsimamisha mwenye trekta katikati ya msimu. Inaweza pia kumwacha aendelee na kazi kama kawaida huku kila mstari anaoupiga ukiwa umehama mahali pake.

Hasara ya kwanza huonekana mara moja, kwa sababu kifaa hakiwaki. Ya pili haina dalili yoyote. Taa inawaka, skrini inaonyesha neno FIX, dereva anaondoa trekta. Kosa linakuja kugundulika wakati jirani anapolalamika kuhusu mpaka, au jembe linapokata mipira ya umwagiliaji iliyotandazwa msimu uliopita. Hii ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Sentimita zinatoka wapi

GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa. Kipokezi cha usahihi mkubwa hushusha kosa hilo hadi sentimita mbili hivi kwa mbinu iitwayo RTK, ambayo hutumia vifaa viwili. Kimoja ni kituo mama, kinachosimikwa mahali palipokwisha kupimwa na kuachwa hapo. Cha pili ni rova, inayofungwa juu ya trekta au kwenye fimbo ya mpimaji. Kwa kuwa kituo mama kinajua mahali kilipo, hutambua jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyokosea wakati ule, kisha hurusha masahihisho kwa rova kwa njia ya redio au intaneti.

Kwa miaka mingi seti ya namna hii iliuzwa kwa maelfu ya dola, ikawa mali ya wapimaji na mashamba makubwa. Hali ilianza kubadilika mwaka 2018, kampuni ya u-blox ya Uswisi ilipotangaza kipokezi kidogo cha ZED-F9P, ambacho kikiwa kwenye bodi yake hupatikana kwa mamia ya dola. Nchini Kanada, mkulima wa jimbo la Alberta, Brian Tischler, alianzisha AgOpenGPS, programu ya bure ya kuongoza trekta, na watumiaji wake wengi hufunga kipokezi hicho. Teknolojia hiyo sasa si ndoto tena kwa kikundi cha wakulima au mfanyabiashara anayekodisha matrekta.

Unafuu huo una sharti lake. Anayenunua seti ya bei kubwa hununua na wakala wa kumpigia simu. Anayeunganisha ya bei nafuu ndiye fundi wake mwenyewe.

Kwa nini programu ibadilishwe

Sababu ya kwanza ni tarehe. Mawimbi ya zamani ya GPS huhesabu wiki kuanzia 0 hadi 1,023, kisha hurudi sifuri. Hilo lilitokea Agosti 1999, likatokea tena usiku wa kuamkia Aprili 7, 2019, na litatokea tena Novemba 2038. Kipokezi chenye programu ya zamani kinaweza kudhani kimerudi nyuma wiki 1,024, yaani karibu miaka 19 na miezi saba. Kwa hiyo anayenunua kipokezi kilichotumika aanze kwa kutazama tarehe yake.

Sababu ya pili ni setilaiti na huduma mpya. China ilitangaza kukamilika kwa mfumo wake wa BeiDou wa dunia nzima Julai 2020. Ulaya nayo ilianza kutoa masahihisho ya bure ya mfumo wa Galileo Januari 2023. Vipokezi vingi vya zamani havinufaiki na mambo hayo bila toleo jipya, na vingine haviwezi kabisa hata vikiwekewa.

Sababu ya tatu ni kurekebisha kasoro ambayo mtumiaji anaifahamu na imemsumbua. Kama hakuna hata moja kati ya hizi tatu, hakuna haja ya kugusa kifaa kinachofanya kazi vizuri, hasa mvua zinapokaribia.

Kifaa kikigoma katikati

Mara nyingi kifaa kinapogoma chanzo huwa ni umeme kukatika, waya kulegea au faili lisilo lake. Kompyuta ichajiwe kabisa na izuiwe isilale. Waya wa USB uwe mfupi na wa kuaminika, kwa kuwa zipo nyaya za kuchajia simu ambazo hazipitishi data kabisa. Jina la faili lisomwe herufi kwa herufi: faili la ZED-F9R si la ZED-F9P, ingawa majina yanafanana.

Kosa jingine ni kasi ya mawasiliano. ZED-F9P hutoka kiwandani ikiwa na kasi ya 38400, wakati vipokezi vya u-blox vya kizazi kilichotangulia vilitumia 9600. Kompyuta ikizungumza kwa kasi tofauti na kifaa, kinachoonekana ni ukimya au herufi zisizosomeka. Wengi hapo hudhani kifaa kimekufa na kuagiza kingine, kumbe kubadilisha kasi kwenye programu ya u-center kungemaliza tatizo.

Hata kilichokatikia katikati kwa kawaida hufufuka. ZED-F9P ina mguu maalumu uitwao SAFEBOOT. Ukiunganishwa na hasi wakati wa kuwasha, kifaa huamka katika hali ya dharura ambayo haipimi mahali lakini inakubali kuwekewa programu upya. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki, na gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kifaa kipya.

Kosa lisilo na dalili

Toleo jipya linaweza kufuta mipangilio ya zamani na kurudisha ile ya kiwandani. Wapo pia wanaopanga upya vizuri lakini wanahifadhi kwenye kumbukumbu ya muda peke yake. Jioni kila kitu kiko sawa, asubuhi kifaa kikiwashwa kimesahau.

Mpangilio wenye thamani kuliko yote ni namba za mahali kituo mama kilipo. Zikifutika, fundi huweza kukiagiza kituo kijipime chenyewe kwa dakika chache. Kitapata jibu, lakini halitakuwa lile la mwanzo, na kila kosa la kituo mama huhamia kwa rova jinsi lilivyo. Kituo kikikosea mita 2 kuelekea mashariki, shamba zima linahamia mashariki mita 2, na FIX inaendelea kuonekana, kwa sababu neno hilo linaeleza uhusiano wa rova na kituo mama tu. Halisemi kama kituo chenyewe kiko sahihi.

Chukua mfano wa mpaka wenye urefu wa mita 200. Mita 2 za kuhama ni mita za mraba 400, karibu sehemu moja ya kumi ya ekari. Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hayo ni mashina zaidi ya 1,700 yaliyopandwa kwa jirani. Kuhama kwa sentimita 30, ambako macho hayawezi kukuona, kunatosha kupitisha jembe juu ya mipira ya matone.

Afrika Mashariki ina mtego wake wa ziada. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili katika eneo hili ni karibu mita 300, zaidi katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kompyuta ya mkononi ya mpimaji ikirudi kwenye mpangilio wa kiwandani, nukta za kiwanja zinaweza kuangukia kitongoji kingine.

Si kila kosa ni la programu

Mei 10 na 11, 2024, dhoruba ya jua ambayo dunia haikuwa imeona mfano wake tangu 2003 ilivuruga mawimbi ya setilaiti, na wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda mahindi kwa RTK walilazimika kusimamisha matrekta. Aliyekuwa ameweka toleo jipya wiki hiyo angeweza kulilaumu bure.

Kwa nchi zilizo karibu na ikweta, anga ya juu huchafuka mara kwa mara baada ya jua kuzama, zaidi katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Kipokezi kinachopoteza FIX saa mbili usiku kijaribiwe tena asubuhi kabla ya kufunguliwa.

Nukta ya ukaguzi

Kinga ya haya yote ni nguzo fupi ya zege yenye msumari juu, iliyosimikwa mahali peupe karibu na banda, mbali na miti na mabati. Ipimwe wakati kifaa kikiwa kizima na namba zake ziandikwe kwenye daftari. Kabla ya kuweka toleo jipya, mipangilio yote ihifadhiwe kwenye faili, namba za kituo mama ziandikwe kwa kalamu, na faili la toleo la zamani litunzwe. Mwenye vifaa kadhaa aanze na kimoja.

Baada ya kazi, vifaa vizimwe, viwashwe tena, kisha nguzo ipimwe. Tofauti isiyozidi sentimita tatu si ya kutisha. Tofauti ya mita moja au mbili inayojirudia vilevile kila ikipimwa ni ya kituo mama. Ya mita 300 ni ya mfumo wa vipimo. Namba zinazorukaruka zinaelekeza kwenye antena, miti au anga. Kama tofauti iko kwenye kimo pekee, atazame urefu wa fimbo uliowekwa, hasa mkulima wa mpunga, ambaye sentimita tano katika jaruba ni tofauti ya maji kufika au kutofika.

Ukaguzi huu hautoi hati, kwa kuwa upimaji wa mipaka ya kisheria ni kazi ya mpimaji aliyesajiliwa. Unachotoa ni uhakika kwamba mistari ya mwaka huu imelala juu ya ile ya mwaka jana.

Anayekodisha trekta afanye kazi hii baada ya mavuno, wakati siku moja ya kusimama haimpotezei mteja. Na mkulima anayekodi ana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kulipa malipo ya awali: mara ya mwisho kifaa kilikaguliwa lini, na kwenye nukta ipi?